Decrease, reduce, shrink, dwindle: lipi linatumika wapi?

Mwandika Ripoti
Wadau, naomba msaada. Kila mwezi naandika ripoti kwa Kiingereza kueleza kilichopanda na kilichoshuka: mauzo, wateja, gharama. Nikitafuta "kupungua" kwenye kamusi naletewa decrease, reduce, lessen, diminish, decline, shrink, dwindle, yote kwa mkupuo, kana kwamba ukichukua lolote ni sawa. Juzi nimebishana na mwenzangu kuhusu sentensi "The costs reduced". Yeye anasema iko sawa, mimi naona haikai, ila hoja sina. Na kinyume cha kila neno ni kipi?

Kalamu Moja
Mkuu, usijichoshe. Shika increase na decrease, utafika popote.

Mtafsiri
Kwa jedwali la namba, ushauri wa Kalamu Moja unatosha. Ukitoka hapo tu unakwama, maana mafuriko hayafanyi "decrease" wala dhoruba.

Mwandika Ripoti, sikio lako liko sawa. Sisi tuna kupungua na kupunguza, kuongezeka na kuongeza. Hiyo "-za" ya mwisho inaonyesha yupo aliyetenda. Reduce ni kupunguza, kwa hiyo "The costs reduced" inasikika kama "gharama zilipunguza", na msomaji anabaki kujiuliza zilipunguza nini. Andika "We reduced the costs", au "The costs were reduced", au "The costs fell". Mchuzi ukichemka mpaka ukawa mzito, hapo husemwa "the sauce reduces", lakini hayo ni ya jikoni, si ya ripoti. Decrease na increase hubeba pande zote mbili, ndiyo maana ni salama. Rise ni kupanda na raise ni kupandisha. Fall ni kushuka na lower ni kushusha. Hizi jozi mbili zishike kabla ya maneno mengine yote.

Baada ya hapo, jiulize ni kitu gani kinachopungua. Shrink inataka kitu chenye umbo au ukubwa, kama sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto likatoka limenywea, mikono imepanda juu ya viganja. Hapa kwenye kinyume ndipo wengi wanapotea, kwa sababu kinabadilika kufuatana na kitu chenyewe. Sweta likivutika linafanya "stretch". Uchumi ulio-"shrink" ukipata nafuu unafanya "grow". Chuma kikipoa hu-"contract", kikipashwa moto hu-"expand".

Subside asili yake ni Kilatini, kuketi chini, na ukiiwazia hivyo huikosei: uvimbe unaketi, mafuriko yanaketi, hasira inaketi. Kinyume chake kwa uvimbe ni swell, kwa maji ni rise. Abate imepitia Kifaransa cha zamani, kupiga mpaka kuangusha, na inafaa kwa vitu vyenye nguvu kama dhoruba na homa. Vikizidi, tumia intensify au worsen.

Wane na wax ni za mwezi angani, wane unapopungua, wax unapokua. Wane utaikuta pia kwenye umaarufu au nguvu za mtu. Wax ya maana hii imebaki karibu kwa mwezi peke yake. Maji ya bahari yakipwa ni ebb, yakijaa ni flow.

Mpenda Sarufi
Naongeza jambo ambalo kwenye ripoti linaweza kuharibu maana kabisa: by na to. Wateja wakitoka 500 wakawa 400, wame-"decrease by 100", yaani kwa 100, au "to 400", yaani hadi 400. Kwa asilimia ni "by 20%". Ukiandika "to 20%" umesema wamebaki 100 tu! Decrease ikiwa nomino na unataja kilichopungua, tumia in: "a decrease in sales". Na unapotamka, increase na decrease zikiwa nomino mkazo uko silabi ya kwanza, zikiwa vitenzi uko ya pili.

Mwandika Ripoti
Asanteni sana, leo leo nampelekea mwenzangu. Mtafsiri, umeiruka dwindle. Naweza kusema bei zime-"dwindle"?

Mtafsiri
Hapana, bei sema "fell" au "dropped". Dwindle ni kupungua kidogo kidogo kuelekea kuisha: akiba, samaki ziwani, matumaini ya mgonjwa. Nalipenda sana neno hili kwa sababu linabeba huzuni ambayo decrease haina, na kwa sababu hiyo hiyo usiliweke kwenye safu ya gharama, bosi atadhani unasikitika zimeshuka. Kinyume chake cha neno moja hakipo. Akiba ikiongezeka pole pole sema "build up", umati ukiongezeka sema "swell".