"Scipio ni Scipio": nimewekewa mlio wa punda mbele za watu kwa kuuliza Scipio yupi

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa bado nimevaa shati la jana, kwa sababu tangu saa nne usiku sijapata utulivu wa kulivua. Sitamtaja jina, maana kumtaja ni kumwongezea wafuasi, na isitoshe hakuna hata mmoja humu asiyemjua: ni yule yule bwana wa chemsha bongo ya Ijumaa, mwenye kipaza sauti cha bei mbaya na sauti ya kuazima, anayetusomea maswali ya historia kana kwamba Warumi walimwachia wosia.

Swali lilikuwa hili, nalinukuu bila kupunguza neno: "Scipio, aliyeiteketeza Karthago, alimshinda Hannibal katika vita gani?" Niliomba nafasi ya kusema, nikapewa, nikauliza kwa adabu yote niliyofundishwa na mama yangu: "Samahani, mkuu, ni Scipio yupi?" Sikubeza wala sikupandisha sauti. Akanijibu, mbele ya wasikilizaji zaidi ya mia mbili, "Scipio ni Scipio, ndugu yangu, usitupotezee muda," akanizimia kipaza sauti, kisha akaweka mlio wa punda.

Mlio wa punda, wakuu. Haikuwa kengele wala filimbi, bali punda mzima, mwenye mapafu ya kubebea mawe ya bandarini, aliyelia mpaka nikahisi anayataja majina yangu yote matatu.

Sasa nisikilizeni. Aliyemshinda Hannibal, jemadari wa Karthago, mji adui wa Roma, pale Zama mwaka 202 KK ni Publius Cornelius Scipio. Aliyeiteketeza Karthago mwaka 146 KK naye ni Publius Cornelius Scipio. Kati ya matukio hayo kuna miaka 56, na Hannibal alipofariki huyo wa pili alikuwa bado mtoto mdogo, kwa hiyo kama alimshinda katika jambo lolote, basi ni katika kulia usiku. Na hao ni wawili tu. Baba yake yule wa Zama, konsuli (mmoja wa viongozi wawili wakuu wa Roma waliochaguliwa kila mwaka) wa mwaka 218 KK, aliyejeruhiwa kwenye mto Ticinus na akaja kuuawa Hispania mwaka 211 KK, aliitwa Publius Cornelius Scipio. Mtoto wa yule wa Zama aliitwa Publius Cornelius Scipio. Mtoto huyo alikuwa na afya dhaifu, akamwasili kijana aliyezaliwa na Lucius Aemilius Paullus, mshindi wa vita vya Pydna dhidi ya Makedonia, na kila mmoja wenu anaweza kukisia kijana huyo alipewa jina gani. Publius akamzaa Publius, Publius akamzaa Publius, Publius akamwasili Publius, halafu mtu mzima mwenye ndevu ananiambia Scipio ni Scipio na kuniwekea punda!

Vocha ilikwenda kwa aliyejibu "Zama". Siililii vocha. Asubuhi hii nimemuuliza mwanangu wa darasa la nne ni mtoto gani aliyemaliza sukari, akanijibu, "Mtoto ni mtoto, baba." Hapo ndipo nyumba yangu ilipofikishwa.

Kahawa Chungu

Pole sana, mkuu, lakini nilikuwepo tangu mwanzo na naomba tuweke kumbukumbu sawa: punda alilia mara mbili. Mara ya pili ni baada ya wewe kutolewa, pale mshindi alipoomba arudiwe.

Mleta uzi

Mara mbili? Yaani nimeliliwa nikiwepo na nikaliliwa nisipokuwepo?

Bakora ya Babu

Ndugu mleta uzi, mimi naona umetendewa kwa mujibu wa Kilatini. Neno "scipio" maana yake ni fimbo au mkongojo. Macrobius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mkubwa mmoja wa ukoo huo alikuwa akimwongoza baba yake kipofu, akawa kama mkongojo wake, na jina likabaki. Ukiingia uwanjani kugombana na ukoo wa fimbo, usishangae kurudi na alama mgongoni.

Na kuhusu punda, tumtendee haki mtangazaji. Konsuli wa mwaka 260 KK aliitwa Gnaeus Cornelius Scipio Asina, na "asina" kwa Kilatini ni punda jike. Uliuliza Scipio yupi, naye akakusikilizisha mmoja wao. Mwalimu gani mwingine humu nchini anafundisha kwa vielelezo vya namna hiyo?

Mleta uzi

Nilikuja hapa kutafuta wenzangu, kumbe nimewafuata waliobaki kule kule ukumbini. Huyo Asina alikwenda na merikebu zake kisiwani Lipara akatekwa na Wakarthago, wakati mwenzake katika ukonsuli, Gaius Duilius, alishinda vita vya baharini mwaka huo huo. Hata hivyo Warumi walimpa ukonsuli tena mwaka 254 KK. Aliyetekwa na maadui alirudishiwa cheo chake. Mimi niliyeuliza swali sijarudishiwa hata kipaza sauti.

Mvuvi wa Usiku

Mnajisumbua bure. Ungesema "Africanus" badala ya kuuliza "yupi", mambo yangekwisha pale pale.

Mleta uzi

Mkuu, ndiyo maana samaki wanakukimbia. Wote wawili ni Africanus! Wa kwanza alipewa jina hilo kwa ajili ya Zama, wa pili naye akawa nalo, na alipoiangusha Karthago likawa lake kwa jasho lake mwenyewe. Vitabu hulazimika kuandika Africanus Mkubwa na Africanus Mdogo, au kumwita huyo wa pili Aemilianus ili ukoo wake wa kuzaliwa uonekane. Ndilo jambo lenyewe nililotaka kulieleza kabla ya punda.

Kahawa Chungu

Afadhali wewe uliulizwa kuhusu mtu aliyekuwepo. Mwezi uliopita bwana huyo huyo alitusomea habari za "Scipio Mwafrika", akatupongeza kwa kuwa na ndugu yetu aliyewahi kuiongoza Roma. Nilipomwandikia kwamba Africa ya Warumi wa wakati ule ilikuwa eneo la Karthago, yaani Tunisia ya leo, na kwamba mtu huyo aliitwa hivyo kwa kuwashinda wenyeji wa huko, alinijibu kwa alama ya bendera. Nimeishi na bendera hiyo wiki nne sasa na sikufungua uzi.

Mwana wa Pwani

Ndugu zangu, akina Scipio ni mchezo wa chandimu. Nendeni kwa akina Metellus muone ligi yenyewe. Quintus Caecilius Metellus aliyeitwa Macedonicus alikuwa na watoto wanne wa kiume, na wote wanne waliufikia ukonsuli, kwa hiyo kuna miaka ambapo ukifungua orodha ya makonsuli unakutana na Metellus, unageuza ukurasa unakutana na Metellus, unafunga kitabu kwa hasira na jalada nalo unalitilia shaka. Ukoo huo una Macedonicus, Balearicus, Numidicus na Creticus, kila mmoja na nchi au kisiwa chake, kama wasafiri wanaobandika majina ya bandari kwenye masanduku yao. Huyo Numidicus alipopelekwa uhamishoni, mwanawe alihangaika na kulia mbele za watu ili baba arudishwe, akapewa jina la Pius, yaani mwenye kumtii mzazi. Nilitumia likizo nzima kuwatenganisha, na nilipomaliza nikagundua kwamba Pius aliacha wosia wa kumwasili mtu wa ukoo wa Scipio.

Mleta uzi

Asante kwa likizo yako, lakini tulikuwa kwenye punda.

Mama Wawili

Naomba nafasi, na atakayeniwekea mlio wowote atanitambua. Mnalia kwamba wanaume wa ukoo huu wanachanganya, ilhali kila mmoja wao amepewa majina matatu, na akishinda vita anaongezewa la nne. Scipio wa Zama alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa aliitwa Cornelia. Mdogo aliitwa Cornelia. Hakuna jina la kwanza, hakuna la tatu, ni jina la ukoo tu limewekewa kiishio cha kike, kama mzigo uliobandikwa anwani ya nyumba bila jina la mpokeaji.

Cornelia mdogo aliolewa na Tiberius Sempronius Gracchus, akazaa watoto 12, wakabaki watatu. Cornelia mkubwa aliolewa na Scipio Nasica, ambaye naye ni tawi la ukoo huo huo. Mwaka 133 KK, Tiberius Gracchus, mtoto wa Cornelia mdogo, aliuawa na kundi lililoongozwa na Scipio Nasica Serapio, ambaye ni mtoto wa Cornelia mkubwa. Kwetu hao ni ndugu, wala hatuwaiti binamu: mtoto wa mama mkubwa amempiga mtoto wa mama mdogo hadi kufa kwa vipande vya viti. Binti wa Cornelia mdogo, ambaye bila shaka aliitwa Sempronia kwa jina la ukoo wa baba yake, ndiye aliyekuwa mke wa yule Scipio aliyeiteketeza Karthago. Sasa mtu ananieleza kuhusu vocha.

Mleta uzi

Dada yangu, nimesema siililii vocha.

Bakora ya Babu

Dada amesema kweli, na mimi sasa nageuza upande. Mleta uzi, una haki kuliko unavyojua, kwa sababu hata mmoja wa akina Scipio wenyewe alishindwa swali lako. Yule aliyeasiliwa kwa wosia wa Metellus Pius, ambaye vitabu vinamwita Metellus Scipio, alisimamisha kwenye kilima cha Capitol kundi la sanamu za wazee wake waliopanda farasi, zote zimepakwa dhahabu. Cicero, yule mwanasiasa na msemaji wa Roma, alizikagua, akamwandikia rafiki yake Atticus mwaka 50 KK akimcheka: bwana mkubwa alikuwa amechanganya sanamu ya Africanus Mdogo na ya Serapio, baba wa babu yake, akampa Serapio cheo cha kusimamia sensa ambacho marehemu hakukishika kamwe. Yaani mwenye ukoo, kwa fedha zake, katikati ya mji wa Roma, aliulizwa "Scipio yupi" na sanamu zake mwenyewe, akakosa.

Mleta uzi

Hapo ndipo nilipotaka tufike! Mtu wa damu ile alikosea, akachekwa kwa barua ya siri, na wala hakuna maandishi yanayosema Cicero alileta punda.

Kahawa Chungu

Ni huyo huyo aliyepigwa na Caesar pale Thapsus mwaka 46 KK. Watu walikuwa wakiamini kwamba ardhi ya Africa haiwezi kumshinda Scipio, na upande wa maadui uliongozwa na Scipio, basi Caesar akatafuta katika kambi yake mtu mmoja wa ukoo huo, asiye na sifa yoyote na aliyedharauliwa na kila mtu, akamweka mbele ya jeshi. Kwa Caesar, wakuu, Scipio alikuwa Scipio. Naanza kumwelewa mtangazaji wetu.

Msimamizi

Nimefuta picha 11 za punda na sauti moja. Tafadhali tubaki kwenye mada.

Mvuvi wa Usiku

Mada ipi, msimamizi? Mimi nilikaa kimya baada ya kutukaniwa samaki, nikaenda kusoma, na nimerudi na neno. Mleta uzi ameuliza "Scipio yupi" lakini hakuuliza "Hannibal yupi". Merikebu zilizomteka Scipio Asina pale Lipara zilitumwa na amiri wa Karthago aliyeitwa Hannibal, miaka 58 kabla ya Zama, na si yule wa tembo. Kwa hiyo swali la Ijumaa lilikuwa na mashimo mawili, na mkuu wetu alitumbukia kwenye moja huku akilikanyaga la pili.

Mwana wa Pwani

Ukifika Karthago jiandae kwa akina Hasdrubal, maana hao ndio Metellus wa ng'ambo. Yuko Hasdrubal mkwe wa Hamilcar, yuko Hasdrubal mdogo wake Hannibal aliyeuawa kwenye mto Metaurus mwaka 207 KK, yuko Hasdrubal mwana wa Gisco, na wote hawa wanapita Hispania kwa kupokezana kama walinzi wa zamu. Huyo wa Metaurus alishindwa na makonsuli wawili, na mmoja wao aliitwa Gaius Claudius Nero, wakati huyo Nero mwingine mnayemjua alikuja kutawala zaidi ya miaka 250 baadaye. Nani alinituma kupenda historia?

Mleta uzi

Umemsahau mmoja, mkuu, na ni wa maana kuliko wote hao. Aliyeilinda Karthago katika siku zake za mwisho, mwaka 146 KK, naye alikuwa Hasdrubal. Mji ulipokuwa unaungua nyumba kwa nyumba, mabaki ya watu walijifungia katika hekalu la Eshmun juu ya ngome, yeye akatoroka chini kwa siri na kwenda kumpigia Scipio magoti. Tena Scipio huyo, baada ya ushindi wake, alisimama akiutazama moto huku akitokwa na machozi na kukariri mistari ya Homer kuhusu Troy. Mwanahistoria Polybius alikuwa kando yake, kwa hiyo habari hii haikutoka mbali. Ninacho kitabu kinachoeleza siku zile za mwisho mtaa kwa mtaa, na anayetaka tukisome pamoja aniambie, kwa sababu sura ya hekalu sijaimaliza.

Mama Wawili

Imalize sasa hivi. Mke wa Hasdrubal alikuwa juu ya paa la hekalu hilo pamoja na wanawe, akamwona mumewe amekaa miguuni pa Mrumi. Alimlaani kwa sauti iliyosikika mpaka chini, kisha akawaua watoto na kujirusha nao motoni. Mwanahistoria Appian ameyaandika maneno aliyoyasema mama huyo, marefu na yenye mpangilio. Akina Cornelia waliambulia jina moja kwa watu wawili. Huyu vitabu vinamwita mke wa Hasdrubal.