Naomba ushauri: Kigoma na familia mwezi wa sita, twende wapi zaidi ya Gombe?

Msafiri wa Isevya
Habari zenu wadau. Naishi Tabora. Watoto wakifunga shule nataka kuipeleka familia Kigoma kwa treni: mke wangu, mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, na watoto wa miaka 9 na 13. Kila ninayemuuliza ananitajia Gombe tu. Watoto wanataka kuogelea, mama anataka kupumzika na kula samaki. Bajeti ni ya kawaida. Mnanishauri nini?

Mwana Ujiji
Karibuni sana. Kabla hujalipia boti, jua kwamba kufuatilia sokwemtu Gombe hawaruhusu mtoto chini ya miaka 15. Hao wako wote wawili hawaingii, na ile milima si ya mtu mwenye magoti mabovu. Achana nayo safari hii.

Binti wa Katonga
Kuogelea, wapeleke ufukwe wa Jakobsen, huku kwetu karibu na Katonga. Maji ni maangavu, mtoto akiinamisha uso anaona samaki wadogo wenye mistari wakiingia na kutoka kwenye miamba, na wengi wao hawapo ziwa jingine lolote duniani. Kuna kiingilio. Bebeni chakula, na mama ashikwe mkono, njia ya kushuka ina mteremko. Nendeni asubuhi ziwa likiwa limetulia. Ila tafadhali sana: watoto wasiogee kwenye matete wala kando ya vijiji, kuna kichocho na kuna mamba. Na wasiende mbali na ufukwe. Tanganyika ina kina cha hadi mita 1,470, siyo bwawa la Igombe hilo.

Mzee wa Reli
Mwana Ujiji, hapo sikubaliani nawe. Watoto wabaki na bibi yao siku moja, baba na mama waende Gombe. Utafiti aliouanzisha Jane Goodall mwaka 1960 unaendelea mpaka leo, mtu afike Kigoma asione? Barabara hakuna, ni boti tu. Hakikisheni ina jaketi okozi kwa kila abiria, na mwenye mafua asiende, sokwe wanaambukizwa kirahisi.
Ujiji mpande daladala. Watoto waone mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kabla ya safari wapeleke Kwihara hapo kwenu, maana mwaka uliofuata wazee hao wawili walifikia huko kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa. Wakifika Ujiji wataelewa wenyewe njia ya misafara ilivyokuwa.

Mama Migebuka
Mama mkwe niachieni mimi! Samaki mgebuka wa kuchoma, ugali wa muhogo, au dagaa wabichi waliopikwa kwa mawese. Dagaa hufuatwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wanaadimika. Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Halafu uliza kama ziwa limefungwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti.

Msafiri wa Isevya
Asanteni mno, hilo la miaka 15 hakuna aliyenitajia. Mama Migebuka, ziwa likifungwa nyie mnakula nini?

Mama Migebuka
Dagaa wakavu, baba, tunaweka akiba mapema. Waambie wakupe wa Kigoma, waliokaushwa juu ya chanja, usichukue wa mchangani.