Naombeni ushauri: tabaka nne za skrini hazikai sawa

Kidole_Rangi: Wakuu, habari zenu. Nina mradi wa sanaa chuoni, nachapa mikono ya fundi akishona kiatu. Mchoro nimeugawa tabaka nne, kila moja na skrini yake (fremu yenye wavu unaopitisha wino): njano, nyekundu, bluu, kisha nyeusi. Njano inatoka safi. Nikija kwenye nyekundu, kwenye ncha za vidole unabaki mstari mweupe wa karatasi. Nyeusi ndiyo balaa, kucha zinakaa nje ya vidole. Nakala zitatundikwa kwa safu, lazima zifanane. Natumia wino wa maji. Nianzie wapi?

FundiWavu: Anza na karatasi. Nyepesi ikilowa wino wa maji inavimba na kujikunja, kwa hiyo tabaka la pili linakuta vipimo vimebadilika. Chukua nzito, gramu 250 kwa mita ya mraba kwenda juu, na kila tabaka likauke kabisa kabla ya linalofuata. Ule mstari mweupe dawa yake iko kwenye mchoro: panua rangi nyepesi iingie chini ya iliyokolea, nusu milimita hadi milimita moja.

Kidole_Rangi: Asante mkuu. Ila nyekundu ikipanda juu ya njano si itatoa chungwa pembeni?

Dada_Wino: Itatoa kama wino unapitisha mwanga, na nyeusi ya mwisho itaufunika ukingo huo. Mimi ningelitaka hilo chungwa, mdogo wangu! Ongeza besi angavu (wino usio na rangi) kwenye wino, ulaze bluu juu ya njano, unapata kijani bila skrini ya tano. Ngozi ya mikono inapendeza sana hivyo. Jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile.

Mzee_Fremu: Fremu umeifunga na bawaba? Kama bado, ifunge. Kisha bandika plastiki angavu mezani kwa upande mmoja tu, chapa tabaka juu yake, ingiza nakala chini na uisogeze taratibu mpaka michoro ikutane. Hapo gundisha vizuizi vya kadi mezani: viwili upande mrefu, kimoja upande mfupi. Ondoa plastiki, chapa. Nakala zote ziegemee kona ileile kwa rangi zote nne. Na skrini isilale juu ya karatasi, acha nafasi ya milimita 2 au 3.

Kidole_Rangi: Wavu wa nyeusi nikiugusa unabonyea sana kuliko mingine.

Mzee_Fremu: Basi kucha zako zinahamia hapo. Wavu uliolegea unaburuzwa na raba ya kuvutia wino kila unapovuta. Ukaze upya, lakini ujue mchoro uliomo utavutika nao, hivyo safisha emalsheni yote (ule utando unaoganda kwa mwanga na kushika mchoro kwenye wavu), kaza, paka nyingine, ikauke gizani, ndipo uipige mwanga upya.

Dada_Wino: Na njano chapa nakala nyingi kuliko unazohitaji. Kila rangi itakula chache, na ukifika kwenye nyeusi huwezi kurudi nyuma.