Mrejesho: mume wangu na tumbo la kila wiki

Asalaam aleikum jamani, nimerudi. Mie ndo yule nlouliza hapa mume wangu Mjerumani tangu tuhamie Mombasa ni kuharisha tu na chakula hataki, nimlishe nini.

Yule dada aloniuliza "barafu ya juisi yatoka wapi" Mungu akuweke, maana sisi maji ya kunywa twachemsha kumbe barafu natengeneza na maji ya mtungi yale ya mkokoteni vivi hivi, na kila mchana anakunywa ukwaju glasi mbili! Nikaacha siku hiyo hiyo, sa hii hata maji ya kuoshea kachumbari nachemsha, na wiki ya tatu hii tumbo limetulia.

Alivyoharisha mara ya mwisho nlimpa maji lita moja yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, akanywa kidogo kidogo. Chumvi pimeni jamani, ikizidi ni hatari.

Chakula sasa anakula. Mchana jua kali nampa kitu chepesi, ndizi mbivu, papai nalimenya mwenyewe, dafu likatwe mbele yake. Jioni kukipoa ndo wali, mchicha wa nazi, na changu wa kupaka, jana amefyonza mpaka kichwa cha samaki nikafurahi mno.

Ila homa msibahatishe, ikipanda kapimeni malaria siku hiyo hiyo. Neti twalalia kila usiku.

Shukran sana wapenzi.