Vijiti vya waridi vinakaa kwenye friji mpaka Jumamosi?

Binti_Raskazone: Shikamooni wakubwa. Jana nimerudi Tanga toka Lushoto, nimepewa vijiti vya waridi 12 na vya asumini vichache, sasa viriba vya kupandia na udongo sipati mpaka Jumamosi, nimeviloweka kwenye ndoo ila joto la huku mnalijua, majani yashaanza kulala. Niviweke kwenye friji au ntaviua? Waridi hili ni rangi ileile ya bibi, natamani mno vishike.

MamaViriba: Marahaba mwanangu. Toa kwenye ndoo vitaoza. Punguza majani bakisha mawili ya juu, chukua gazeti lilowe halafu ulikamue kabisa lisichuruzike, vifunge, tia kwenye kopo lenye mfuniko uweke droo ya mboga. Siku nne tano havina neno. Friza usithubutu, maji ya ndani yakiganda kijiti kimekwisha.

Pongwe_Shambani: Asumini usiiweke humo, ni mmea wa joto, mie ya kwangu ilitoka na madoa meusi gome lote likawa linateleza. Funga hivohivo uweke chini ya mtungi. Na hilo kopo lisikae na ndizi wala maembe, yakiiva yanatoa hewa ya ethilini inapukutisha majani.

MamaViriba: Kweli kabisa. Siku ya kupanda kata ncha upya chini ya kifundo, pale jani linapotokea, mizizi inapenda kutokea hapo.

Binti_Raskazone: Nimeshavifunga, vingine vina macho ya kuchipua, mekundu madogo bado mabichi. Asanteni sana