Naomba ushauri: niuze PS4 ninunue Switch kwa sababu ya Fire Emblem, au nisubiri?

Kijana wa Kibokoni

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wengine nyote hamjambo.

Naomba ushauri kwa wanaozijua gemu za zamu, zile za vikosi na miraba, unasogeza watu wako wote kisha adui naye anasogeza wake. Nina PS4 Slim, nzima kabisa. Nyumbani mashine hiyo ni ya mpira: mdogo wangu, watoto wa jirani, kila jioni ni ligi. Mimi moyo umehamia kwengine tangu binamu yangu wa Tudor aliponiwekea XCOM 2. Napenda kuwa hakuna anayenikimbiza. Nakaa, napima, nasogeza askari mmoja nyuma ya ukuta, nafikiri tena. Na askari akifa ndio basi, harudi, kwa hivyo kila hatua ina uzito.

Sasa kila ninaposoma kuhusu gemu za namna hii, jina linalorudi ni Fire Emblem: Three Houses, na hiyo iko kwenye Nintendo Switch peke yake. Ilitoka 2019 na mpaka leo haijahamia mashine nyingine. Wengine waniambia subiri, siku hizi gemu zote zinahama, hata za Sony zimeingia kwenye kompyuta na za Xbox zimeingia PS5. Wengine waniambia uza PS4 leo, ununue Switch ya mkono wa pili.

Bila kuuza chochote nina kama elfu 20. Nikiuza PS4 nitapata Switch safi na gemu zake, lakini nitakuwa nimemnyang'anya mdogo wangu mpira wake, na hilo linaniuma. Nisubiri? Niuze? Au kuna gemu za PS4 za aina hii zitakazonikata kiu? Nishaurini kama ambavyo mngemshauri ndugu yenu wa damu.

Simba wa Bamburi

Usiuze. Mashine nzima inayotumiwa na nyumba yote haiuzwi kwa ajili ya gemu moja. Weka akiba pole pole.

Nahodha wa Nyali

Wa aleikum salaam. Kuhusu kusubiri, sikiza. Watu wengi huangalia gemu iko kwenye mashine gani leo, wakadhani wamejua itakuwa wapi kesho. Angalia gemu yenyewe ni mali ya nani.

Sony, wenye PlayStation, walikuwa wagumu, wakalegea. Horizon Zero Dawn ilitoka PS4 mwaka 2017, ikaingia kwenye kompyuta 2020. God of War ya 2018 ikafuata Januari 2022. Microsoft, wenye Xbox, wameenda mbali zaidi: Februari 2024 walitangaza gemu zao nne kwenda kwa washindani, Sea of Thieves ikiwemo, na 2025 Forza Horizon 5 ikatua PS5. Kwa hivyo anayekwambia zinahama hakudanganyi, ila anazungumzia kampuni hizo mbili.

Nintendo ni habari nyingine. Wao hutengeneza mashine na gemu kwa pamoja, na ile gemu ndiyo inayomfanya mtu anunue mashine. Fire Emblem ya kwanza ilitoka Japani 1990 kwenye Famicom, mashine ya Nintendo ya wakati huo. Tangu hapo, zaidi ya miaka 30, kila gemu kubwa ya mfululizo huo imetoka kwenye mashine ya Nintendo. Zilizotoka nje ni zile za simu tu, Heroes ya 2017 na Shadows ya 2025. Fortune's Weave nayo imetangazwa kwa Switch 2, mashine ya Nintendo iliyofuata Switch. Ukiisubiri Three Houses ije PlayStation utasubiri mpaka mdogo wako aoe.

Lakini usichanganye hiyo na gemu za wengine zilizoanzia Switch. Triangle Strategy ni ya Square Enix: ilitoka Switch Machi 2022, ikafika kwenye kompyuta Oktoba mwaka huo huo. Disgaea 6, kwa sisi tusiocheza ya Kijapani, ilianzia Switch peke yake 2021, mwaka uliofuata ikawa kwenye PS4. Hizo ndizo za kusubiri, na mwenye subira hulipwa. Mario + Rabbids imetengenezwa na Ubisoft, lakini Mario ni wa Nintendo, basi hiyo nayo usiitarajie kwengine.

Na PS4 yako ina hazina ya gemu hizi kuliko unavyodhani. Final Fantasy Tactics ilitoka 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, na Septemba 2025 imerudi ikiwa imetengenezwa upya kwa jina The Ivalice Chronicles, PS4 ikiwemo. Ichukue hiyo kabla ya kitu chochote. Humo hakuna zamu ya kikosi kizima. Kila mtu huingia kwa kasi yake mwenyewe, kwa hivyo mchawi akianza kusoma uganga mkubwa unatakiwa upige hesabu kama utatua kabla adui hajasogea. Urefu wa ardhi ni muhimu, na upande mtu alioelekea pia: ukimpiga kwa mgongo ni vigumu akwepe. Mwenzako akianguka, hesabu huanza kushuka juu ya kichwa chake, na ikiisha kabla hujamwinua umempoteza moja kwa moja. Wewe unayependa uzito, huo hapo. Baada yake kuna Tactics Ogre: Reborn, na Valkyria Chronicles ya nne. Mwaka mzima hujamaliza.

Bint Likoni

Kaka Nahodha amesema kweli kuhusu nani mwenye mali, lakini nataka kumtetea Three Houses, maana ameulizwa yeye na hakuna aliyemweleza.

Wewe ni mwalimu mgeni kwenye chuo kilicho ndani ya monasteri, Garreg Mach. Kuna nyumba tatu za wanafunzi, kila moja ina kiongozi wake: Edelgard, Dimitri, Claude. Unachagua moja mwanzoni, na uchaguzi huo ndio unaoamua utakuwa upande gani nchi itakapopasuka. Kabla ya vita unafundisha. Huyu umtie kwenye mkuki, huyu kwenye uganga, huyu umpandishe farasi. Siku ya mapumziko unakula nao, unawaalika chai, unawarudishia vitu walivyopoteza. Miaka mitano inapita katikati ya hadithi, na wale vijana uliowafundisha kushika upanga, ambao hukuwachagua, wanasimama mbele yako uwanjani kama maadui, na wanakuita mwalimu. Nililia, wala sioni haya kusema. XCOM haikunipa hilo. Askari wa XCOM namhurumia kwa sababu nimempa jina. Wa Three Houses namhurumia kwa sababu namjua mamake ni nani na anaogopa nini.

Unaweza kuchagua wafe kabisa au wazimie tu kwa vita hivyo. Chagua kufa. Kuna uwezo wa kurudisha wakati nyuma mara chache katika kila vita, kwa hivyo hatua moja ya bahati mbaya haikuharibii wiki nzima, lakini uzito unabaki.

Nitakuwa mkweli pia: ramani zake nyingi ni za kawaida. Kwa vita vyenyewe Fire Emblem Engage ya 2023 ni bora zaidi. Pale upanga hushinda shoka, shoka hushinda mkuki, mkuki hushinda upanga, na ukimpiga adui kwa silaha inayoishinda yake anavunjika, hawezi kukurudishia. Inakulazimisha upange nani atangulie. Hadithi yake haikunigusa.

Jambo jingine ambalo wanaume hapa hawajalitaja: Switch ina betri. Stima ikipotea wewe unaendelea. Mimi huchezea kitandani usiku wakati televisheni ni ya watu wengine, na gemu ya zamu ndiyo inayofaa maisha hayo, kwa sababu ukiitwa jikoni unabonyeza kitufe, mashine inalala, na adui anakungoja pale pale.

Mwana Kisauni

Nakubali yote isipokuwa kumshusha XCOM. Watu hulalamika gemu imewaonyesha nafasi ya kupiga ni asilimia 95 na risasi imekosa. Ndiyo, moja katika 20 hukosa, na kamanda mzuri huweka mtu wa pili tayari kwa ajili ya hiyo moja. Ukuta mfupi hukupunguzia kupigwa kwa 20, mrefu kwa 40. Nambari ziko wazi, ni wewe kuzifanyia kazi. Hiyo ndiyo inayofanya moyo udunde.

Ami wa Makadara

Wanangu, nimewasoma. Mimi ni mtu wa bao, nimekaa barazani na bao tangu utoto, na gemu hizi nimezijulia kwa mwanangu. Nina neno moja kwa huyu wa asilimia.

Bao lina mashimo 32 na kete 64, na zote ziko machoni. Hakuna kete inayorushwa hewani. Nikifungwa, nimefungwa na akili ya mwenzangu, na naweza kurudi kwenye ile hatua nikaonyesha ilipoharibikia. Ndiyo maana katika gemu zote alizonionyesha mwanangu niliyoipenda ni Into the Breach. Uwanja ni miraba minane kwa minane, una mashine tatu tu za vita, na kila adui anakuonyesha mbele kwa mbele atampiga nani. Kazi yako si kuua. Unamsukuma mraba mmoja ili pigo lake limwangukie mwenzake, au liende baharini, na majumba ya watu yasalimike. Ukipoteza unajua kwa nini. Ilitoka kwenye kompyuta 2018, na mwaka huo huo ikaingia Switch.

Na kijana, kama nyumbani kuna kompyuta hata nzee, iteremshe The Battle for Wesnoth. Haiuzwi, ni ya bure, imejengwa na watu wa kujitolea tangu 2003. Mchana majeshi ya watu wa sheria yana nguvu, usiku wafu na majitu ndio wanaotamba, kwa hivyo huendi vitani bila kutazama saa. Anza na hiyo wakati unaweka akiba.

Fundi wa Mwembe Tayari

Nimeona hizi mashine nyingi mezani kwangu, basi kabla hujatoa pesa:

Kwanza ujue ni aina gani. Switch Lite haiingii kwenye televisheni hata ufanye nini. Kwa gemu za zamu peke yako inatosha, lakini kama wataka mdogo wako naye aitumie sebuleni, tafuta ya kawaida. Ya kawaida iliyotoka kuanzia nusu ya pili ya 2019 ina betri inayokaa zaidi, saa nne na nusu mpaka tisa kulingana na gemu. Ya kwanza ilikuwa mbili na nusu mpaka sita na nusu.

Vijiti vya kusukumia ndio ugonjwa wake mkubwa. Vinasogea vyenyewe. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuvipima: acha mkono kabisa, tazama alama katikati. Ikitembea, punguza bei au ondoka. Kwenye mpira huenda usigundue haraka, lakini kwenye gemu ya miraba kishale kitakuhamia mraba wa jirani wakati unathibitisha, na umempeleka mganga wako mbele ya mashoka.

Muulize muuzaji aunganishe na intaneti mbele yako na afungue duka la Nintendo. Likikataa, mashine hiyo huenda imefungiwa kwa kuchezewa ndani, achana nayo. Na ujue kuwa ulichokihifadhi hukaa kwenye mashine, hakikai kwenye kadi ya gemu. Ukiiuza bila kuhamisha, umeacha vita vyako vyote kwa mgeni.

Mwisho, sisi wa pwani tuna joto na chumvi. Usiiache wazi dirishani usiku. Ifunike.

Kijana wa Kibokoni

Allah awalipe nyote. Nimekaa na mamangu nikamsomea majibu yenu, naye amesema kama Simba wa Bamburi, mashine ya nyumba haiuzwi. Kwa hivyo PS4 inabaki. Wesnoth nimeshaiteremsha usiku huu huu, Ami, na imekubali kwenye kompyuta ya babangu. Final Fantasy Tactics nitaichukua mwisho wa mwezi, na kila kitakachobaki kinaingia kwenye akiba ya Switch ya kawaida.

Swali la mwisho. Nikipata Switch ya kwanza leo, halafu baadaye nikaenda Switch 2, kadi zangu zitakufa? Na Dada Likoni, nianze na nyumba gani?

Nahodha wa Nyali

Hazifi. Switch 2 inasoma karibu kadi zote za Switch ya kwanza, na Three Houses utaicheza huko. Kadi hazina mipaka ya nchi, ya Dubai au ya Uingereza zote zitakubali. Angalia tu zile mpya za Switch 2 zenye alama ya ufunguo kwenye kasha: ndani hamna gemu, ni ruhusa ya kuiteremsha, na hapo bando lako ndilo litakaloumia.

Bint Likoni

Blue Lions, nyumba ya Dimitri. Dimitri anabadilika mbele ya macho yako kuliko wote, na darasa lake lina watu imara kwa anayeanza: Dedue wa kuziba njia, Mercedes wa kutibu, Ashe wa mishale. Felix mtie kwenye upanga na usimguse tena. Ukishamaliza rudi na Edelgard uone vita vile vile kwa upande wa pili. Usisome chochote kuhusu yeye mtandaoni kabla ya hapo, hata majina ya video usiyaangalie. Kadi yangu ya Engage nimeshaimaliza, siku utakayopata mashine niandikie, tutabadilishana.