Carnegie na damu ya Homestead

Swali:
Wakuu, Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma cha pua, alikuwa mtoto wa mfumaji maskini wa Dunfermline, Scotland. Alihamia Marekani 1848, akafanya kazi kiwandani kwa dola 1.20 kwa wiki. Mwaka 1886 aliandika akitetea haki ya wafanyakazi kuwa na vyama. Miaka sita baadaye, damu ikamwagika kiwandani kwake Homestead, Pennsylvania. Alibadilika, au ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo?

Jibu 1:
Muulize Henry Clay Frick, meneja wake. Carnegie alikuwa likizo Scotland.

Jibu 2:
Hapana mkuu, hilo silikubali. Carnegie alijua Frick anataka kukivunja chama, na akamuunga mkono kwa barua. Frick alizungushia kiwanda uzio na kuwafungia wafanyakazi nje. Alfajiri ya Julai 6, 1892, walinzi 300 wa Pinkerton, kampuni binafsi ya ulinzi, waliletwa kwa matishari kupitia mto Monongahela. Watu wakapigana mchana kutwa, wakafa wa pande zote mbili. Kisha gavana akatuma wanajeshi wa jimbo zaidi ya 8,000, kiwanda kikafunguliwa kwa vibarua wapya. Wafanyakazi wale walifanya kazi saa 12 kwa siku mbele ya tanuri! Inaniuma kila nikisoma.

Jibu 3:
Na 1901 Carnegie akaliuzia kundi la J. P. Morgan, mwenye benki, kampuni yake kwa dola milioni 480. Maktaba alizojenga nazithamini, ila fedha ile ilitoka kwenye migongo ya watu.

Muulizaji:
Jibu 2, hizo barua zimenitosha. Alijua.